Bukavu: Safari ya familia kwenda Kahuzi-Biega huanza na maswali, si na mafuta

BUKAVU – Shule zinapofungwa mapema mwezi wa saba na mvua kupumzika, swali huwa moja katika nyumba nyingi za Bukavu, kuanzia Kadutu na Bagira hadi Panzi: watoto wapelekwe wapi? Wenye jamaa kijijini huwapeleka huko. Wengine hubaki katika kartie, ziwa likiwa mbele yao na vilima nyuma yao, mpaka masomo yaanze tena mwezi wa tisa.

Lakini kilometa kama 30 tu kaskazini-magharibi ya mji kuna msitu ambao wageni wamevuka bahari ili kuuona. Mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 6,000. Ndani yake anaishi gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambaye katika dunia nzima hapatikani porini ila mashariki ya Kongo. Wazee wanakumbuka kwamba hata noti ya 50,000 ya zaire ilibeba picha ya gorila. Watoto wengi wa Bukavu hawamjui isipokuwa katika picha.

Wakongomani walio Canada na Marekani wanajua aina nyingine ya likizo. Huko familia hukodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na kuelekea nyika za kaskazini. Wengine hufuata barabara ya Alaska, iliyojengwa mwaka 1942 wakati wa vita kuu ya pili, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2,000. Anayepanga safari hiyo huhesabu umbali kati ya vituo vya mafuta, baridi ya usiku, na namna ya kuficha chakula ili dubu wasije.

Bukavu hakuna gari-nyumba, na hakuna dubu. Kuna Noah, kuna Hiace, kuna jipu la mjomba. Safari yenyewe ni ya siku moja, si ya wiki tatu. Hata hivyo inaomba mpango mzito zaidi, kwa sababu kinachoweza kuiharibu si umbali bali hali ya njia, na hali hiyo inaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Kwanza, njia

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini unafuata barabara ya taifa namba 2, ile inayokwenda Goma kupitia Mudaka, Miti, Kavumu, Katana na Kalehe. Kwenye senta ya Miti, katika teritware ya Kabare, barabara ya taifa namba 3 inageuka kushoto na kupanda kuelekea Tshivanga, ofisi kuu na lango la mbuga, kisha inaingia msituni na kuendelea upande wa Bunyakiri na Walikale. Siku njia ikiwa nzuri, gari linafika Tshivanga kwa saa moja na nusu au mbili.

Njia hiyo imebeba mengi. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, kambi kubwa za wakimbizi zilijengwa kandokando yake, zikiwemo Kashusha na INERA, na miti mingi ilikatwa kwa ajili ya kupikia. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilipita hapo hapo. Mwezi wa pili mwaka 2025 waasi wa M23 walichukua Kavumu na uwanja wake wa ndege, na siku chache baadaye wakaingia Bukavu.

Tangu wakati huo, kupanga safari ya kaskazini kumekuwa kazi ya kuuliza. Wakaaji wa mji wanajua watu wa kuulizwa: madereva wanaobeba abiria wa Mudaka, Miti na Kavumu kila siku, wamama wanaoleta mboga na ndizi sokoni, na ndugu walio njiani. Watu hao watatu wakijibu jambo moja, habari hiyo ina uzito. Wakitofautiana, familia yenye busara inabaki nyumbani.

Kuna kuuliza kwa aina mbili. Kwa kwanza hufanywa wiki moja kabla: je, mbuga inapokea wageni kwa sasa, na kwa masharti gani? Jibu hilo linatoka kwa wasimamizi wa mbuga wenyewe, si kwa jirani aliyekwenda huko miaka mitano iliyopita. Kwa pili hufanywa alfajiri ya siku ya safari, kabla ya watoto kuvaa viatu: usiku kumepita salama? Vizuizi viko wapi? Mtu anayeacha swali hili la pili kwa sababu gari limeshalipwa anaiweka pesa yake juu ya watoto wake.

Nani atamwona gorila?

Chukua mfano wa familia ya watu saba: baba, mama, nyanya, na watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka 16 na wa mwisho miaka 5. Watoto wote wanataka jambo moja, kumwona gorila dume mwenye mgongo wa fedha. Hapa ndipo mipango mingi ya familia huvunjika ikiwa wazazi hawakuuliza mapema.

Kuona gorila si kutembelea zizi. Watalii huingia kwa kikundi kidogo, wakiongozwa na wafuatiliaji wanaosoma majani yaliyovunjika na vitanda ambavyo gorila walilalia usiku. Kutembea kunaweza kuchukua nusu saa au nusu siku, juu ya miteremko yenye utelezi, majani yanayowasha na siafu. Ndiyo maana hata mwenye afya nzuri anashauriwa kuvaa suruali ndefu, soksi zinazofunika miguu ya suruali, na koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Gorila wanaotembelewa wanaishi kwenye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huko ni baridi kuliko Bukavu.

Wakishafika kwa gorila, wageni hukaa kwa muda wa saa moja tu, kwa umbali uliowekwa, na barakoa usoni. Jirani Rwanda na Uganda, mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kabisa kwenda kwa gorila. Familia ya Bukavu inapaswa kuuliza Tshivanga umri unaokubaliwa kabla ya kuwaahidi watoto jambo lolote.

Sababu ya barakoa na umri si ukali wa wanyama peke yake. Gorila hushikwa na magonjwa ya mwanadamu, na mafua ya mtoto yanaweza kuua familia nzima ya gorila. Kivu Kusini inalijua jambo hili kwa uchungu. Aina mpya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga mwaka 2023, na mwaka 2024 watoto wengi walilazwa hospitalini Kavumu kwa ugonjwa huo, kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura mwezi wa nane. Mtu mwenye homa, kikohozi au vipele anabaki nyumbani. Hilo halina mjadala, hata kama ndiye aliyelipia safari.

Kwa hiyo familia ya mfano wetu inaweza kugawanyika. Baba na mtoto wa miaka 16 wanaingia msituni na walinzi. Mama, nyanya na wadogo watatu wanabaki nje ya msitu, na siku yao haipotei. Njiani kuna mashamba ya chai na ya kwinkina, mti ambao ganda lake linatoa dawa ya kwinini, iliyotengenezwa Bukavu kwa miaka mingi. Kutoka huko juu, hewa ikiwa safi, milima Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega, wenye mita 2,790, inaonekana. Nyanya anaweza kuwaambia wajukuu majina ya vilima vya Kabare ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule.

Lwiro, kwa ajili ya wadogo

Kituo kinachowafaa watoto zaidi ni Lwiro, upande wa magharibi wa barabara ya Katana. Taasisi ya utafiti ya wakati wa ukoloni, IRSAC, ilianzishwa mwaka 1947, na majengo yake makubwa ya Lwiro leo ni ya kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Mwaka 2002 kituo hicho na taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, walianzisha hapo makao ya sokwe na nyani yatima.

Sokwe, ambaye ni mdogo kuliko gorila, huletwa Lwiro baada ya kunyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Mara nyingi mama yake ameuawa kwa ajili ya nyama, na mtoto akauzwa akiwa hai. Zaidi ya sokwe mia moja wanatunzwa hapo. Mtoto wa miaka 5 anayemtazama sokwe yatima anaelewa habari ya msitu kwa namna ambayo hotuba haiwezi kumpa. Lakini hapa pia, simu inapigwa kwanza, na masharti ya afya yanafuatwa.

Gari, karatasi na kapu

Gari la kukodi linakaguliwa siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Breki huangaliwa kwanza, kwa sababu njia ya Tshivanga ni ya kupanda, na kurudi ni kushuka. Pine ya akiba iwe na upepo, na kriki iwe ndani ya gari. Esansi au mazutu ijazwe mjini, kiasi cha kwenda na kurudi pamoja na ziada, ili dereva asilazimike kununua ya chupa njiani.

Dereva ndiye uti wa mgongo wa safari. Anayeijua njia ya Miti anajua pia namna ya kusimama kwenye kizuizi: kupunguza mwendo mapema, kuzima muziki, kushusha kioo, kusalimu na kujibu kifupi. Simu hazitolewi kupiga picha watu wenye silaha wala mahali pao. Watoto wanaambiwa hilo nyumbani, kwa utulivu, ili wasilisikie kwa mara ya kwanza mbele ya bunduki.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, iwe ni karte ya mpiga kura au pasipoti. Watoto wawe na karatasi inayoonyesha jina lao na la wazazi, hasa wale wanaosafiri na shangazi au mjomba. Jamaa aliyetoka ng'ambo kwa likizo, mwenye pasipoti ya nchi nyingine, aulize mapema karatasi anazohitaji, kwa kuwa mambo yake yanaweza kuwa tofauti na ya wenyeji.

Chakula kinatoka nyumbani: mikate, ndizi, mayai ya kuchemsha, sambaza za kukaanga, na maji safi ya kutosha watu wote mpaka usiku. Sombe na bugali vinasubiri kurudi. Maganda na chupa vinarudi mjini ndani ya mfuko ule ule, kwa sababu takataka za mwanadamu huvuta wanyama na kuwapa magonjwa.

Mwisho, mtu mmoja anayebaki Bukavu anapewa ratiba yote: gari gani, dereva nani, njia ipi, saa ya kufika na saa ya kurudi. Saa ya kurudi haichezewi. Gari linalotoka saa kumi na mbili asubuhi linapaswa kuwa mjini kabla ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu. Gorila wasipoonekana mapema, safari inakatwa. Watakuwepo mwaka mwingine.

Msitu una wenyewe

Familia inayokwenda Kahuzi-Biega inaingia pia katika kesi ambayo bado haijaisha. Mbuga iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ambaye alianza kuwazoeza gorila kuwa karibu na watu. Alifanya hivyo kwa msaada wa Batwa, wawindaji waliojua kila njia ya msitu. Mwaka 1975 mipaka ilipanuliwa mara kumi, kutoka kilometa za mraba 600 hadi 6,000. Mwaka 1980 UNESCO iliuweka msitu huu katika urithi wa dunia.

Katika miaka hiyo hiyo Batwa walitolewa msituni bila kulipwa fidia. Watoto na wajukuu wao wanaishi pembezoni mwa mbuga, wengi bila shamba lao wenyewe. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Walinzi wa mbuga nao wamezika wenzao wengi waliouawa kazini. Mzazi anaweza kuwaambia watoto habari zote mbili, bila kuficha upande mmoja.

Gorila wenyewe walilipa pia. Maheshe, dume mashuhuri aliyejulikana na wageni wa nchi nyingi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Vita vilipokuja, karibu nusu ya gorila wa sehemu ya milimani walipotea, na tembo wa huko wakauawa. Mwaka 1997 mbuga iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba gorila wa aina hii walibaki 3,800 hivi, kutoka karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Hesabu mpya ya mwaka 2021, iliyofanywa baada ya kufika sehemu nyingi zaidi, ilipandisha makadirio hadi 6,800.

Kuna uzi unaounganisha msitu huo na kila nyumba ya mji. Sehemu ya makala inayowaka katika mbabula za Bukavu hutoka kwenye miti ya mbuga. Mpishi hana kosa la kutafuta moto wa kupikia, kwa kuwa umeme hukatika na gesi ni ghali. Lakini mtoto aliyeona mlima wenye miti na mlima uliokatwa, siku moja na kwa macho yake, atauliza gunia la makala limetoka wapi. Swali hilo ni faida ya safari kama vile picha ya gorila.

Njia ikikataa

Mpango mzuri una mlango wa pili. Barabara ya Miti ikiwa haifai, wengine hufikiria ziwa na kisiwa cha Idjwi, ambacho kina vijiji, mashamba ya mananasi na kahawa, na sifa ya utulivu wakati bara linapowaka. Wasafiri hufika huko kwa boti kutoka Bukavu.

Lakini ziwa nalo lina masharti yake. Mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimeziba njia ya nchi kavu. Familia inayopanda boti inahakikisha kila mtu, hata mtoto mchanga, amevaa koti la kuokoa maisha, na inakataa chombo kilichojaa, hata kama ni cha mwisho siku hiyo.

Na zote mbili zikikataa, kuna njia ya tatu, isiyo na gharama: kuahirisha. Watoto hulia, nyanya hukunja kitenge chake cha safari, sambaza zinaliwa uani. Hakuna aliyepoteza kitu. Msitu umeona wakimbizi, wawindaji na majeshi ya kila aina, na bado uko pale juu. Familia inayouliza tena mwezi unaofuata, na mwaka unaofuata, ndiyo ambayo siku moja itapanda Tshivanga na kurudi nyumbani salama, watu saba waliotoka wakiwa watu saba waliorudi.